Madabodi za soketi mgongoni na makasha yake: kuna faida au tunaingizwa mjini?

#1 Sato Mkavu
Mwangaluka wakuu. Nina kijistudio Nyegezi hapa Mwanza, kazi zangu ni video za harusi na kipaimara. Kompyuta imechoka, video ya saa mbili nairenda (kuitoa iwe faili iliyokamilika) usiku kucha na asubuhi nakuta imeganda asilimia 80. Nimejichanga nijenge mpya.

Muuzaji mmoja wa Kariakoo ananiambia niachane na madabodi (ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote vya kompyuta) za kizamani, mjini sasa hivi ni hizi zilizohamishia soketi zote mgongoni. Waya mnene wa pini 24, waya wa prosesa, SATA za diski, feni, vyote unachomeka kwa nyuma. Ukitazama kwenye kioo huoni waya hata mmoja. Picha aliyonitumia inavutia kweli, utadhani kabati la vyombo la bibi harusi.

Tatizo, madabodi hiyo haikai kwenye kasha la kawaida, lazima ununue na kasha lake lenye matundu. Hesabu imepanda kama laki tatu na nusu juu ya bajeti. Je, kuna faida ya kweli au ndiyo naingizwa mjini?

#2 Dagaa wa Kirumba
Siti ya mbele. Nimekuja na karanga.

#3 Fundi Makoroboi
Unaingizwa mjini, na nauli umejilipia mwenyewe.

Anza na jina tu. ASUS wanaiita BTF, MSI wanaiita Project Zero, Gigabyte wakaiita Stealth. Kampuni tatu, majina matatu, na kila mmoja alianza na matundu yake. Hicho nacho ni kiwango? Kiwango ni ATX, vile vipimo vya pamoja vya madabodi, kasha na umeme wake. Intel waliitoa 1995, na mpaka leo ukichukua madabodi ya juzi ukaipeleka kwenye kasha la miaka ile, skrubu zinakaa pale pale. Dukani kwangu makasha matupu yamefika darini na kila moja ni mali kwa sababu hiyo. Siku ukiniletea madabodi ya soketi mgongoni nitabaki kukutazama usoni.

#4 Mwana Malimbe
Fundi umesema nusu ya ukweli. Yapo makasha siku hizi yaliyotobolewa kwa ajili ya BTF na Project Zero kwa pamoja. Na bati likishatobolewa halidai kitu, madabodi ya kawaida nayo inakaa humo humo. Kinachoshindikana ni kinyume chake. Kwenye kasha la kawaida, kati ya madabodi na bati kuna milimita sita na kitu tu, sasa soketi ya pini 24 iliyotokeza mgongoni itapita wapi?

Kwa hiyo Sato, nunua kasha lenye matundu, weka madabodi ya kawaida. Ukija kubadili mawazo, nyumba iko tayari.

#5 Dagaa wa Kirumba
Yaani ajenge choo cha kuvuta kabla bomba la maji halijafika mtaani.

#6 Mwana Malimbe
Waliojenga hivyo Buhongwa ulikuwa unawacheka hivi hivi. Leo wanavuta.

#7 Dada wa Pamba
Nyie mnaongelea uzuri, mimi niwaambie habari za wadudu. Nina duka la uchapaji mjini na lingine dogo Kirumba, karibu na mwaloni. Wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi mnawajua. Giza la mwezi likiingia, ukiwasha taa tu, wamejaa ukutani, kwenye karatasi, kwenye chai.

Mwaka jana mashine ya Kirumba ikaanza kujizima kila baada ya dakika kumi. Nikaifungua mwenyewe. Feni ya prosesa inazunguka vizuri, lakini kwenye mapezi ya hitisinki, kile chuma cha kupoozea prosesa, kuna kitu cha kijivu kimeshikamana kama pumba zilizolowa, huoni mwanga upande wa pili. Nikakwangua kwa mswaki, kikatoka kipande kizima kama chapati, kina mabawa mabawa, kinanuka dagaa. Na bado huo haukuwa mzigo mkubwa. Mzigo ulikuwa chini, pale nyaya zilipokunjwa zikasukumiwa pembeni. Kichuguu kabisa. Vumbi na wadudu vinahitaji mahali pa kushika, na nyaya ndizo zilikuwa matawi yao.

Kwa hiyo mtu akiniambia nyaya zote zimehamia mgongoni, mimi kioo sikijali, nawaza ule mswaki.

#8 Fundi Makoroboi
Kaka, hilo dawa yake siyo madabodi ya bei hiyo. Chukua wavu wa dirishani, kata kipande, gundisha kwenye feni ya mbele. Kwisha.

#9 Dada wa Pamba
Jina limeandikwa Dada, halafu unaniita kaka. Au wewe unasoma saketi tu?

#10 Fundi Makoroboi
Samahani dada yangu, nilikuwa nimeshika risasi ya kuchomelea saketi mkono mmoja. Pita dukani, wavu nitakukatia bure.

#11 Mzee wa Nyakato
Vijana, nimewasoma. Nimeuza kompyuta mtaa wa Rwagasore tangu enzi za AT, kiwango kilichotangulia ATX, zile plagi mbili za umeme, P8 na P9, zinazokaa ubavu kwa ubavu. Nyaya nyeusi zisipokutana katikati unasikia "paa", na moshi ndiyo risiti yako.

Hili mnaloliita jipya, la aina yake nimeshalizika. Mwaka 2004 Intel walikuja na BTX, wakasema ATX imezeeka. Wakati huo prosesa zao za Pentium 4 Prescott zilikuwa majiko, zenye joto zaidi zilikuwa zinafika wati 115. BTX ikapindua mpangilio wote. Prosesa ikaletwa mbele ya kasha, ikavalishwa handaki la plastiki lenye feni kubwa, upepo unampiga usoni, unapita kwenye chipu na kadi, unatokea nyuma, kama nyumba yenye madirisha yanayotazamana. Hata kadi ya picha iligeuzwa, feni yake ikatazama juu badala ya kuning'inia kama popo. Kwa akili ya ufundi ilikuwa safi kuliko ATX, na hilo nalisema mpaka leo.

Mwaka 2006 ikaja prosesa yao ya Core 2 Duo, wati 65. Mgonjwa kapona, dawa imebaki kabatini. Mwaka huo huo Intel wenyewe wakasema hawaendelei nayo. Mimi nilikuwa nimeagiza makasha sita, nikauza mawili. Moja liko nyumbani mpaka leo, kuku anatagia. Lile handaki la upepo limemfaa sana.

#12 Shemeji wa Ukerewe
Shikamoo mzee. Kuku wa kienyeji au wa kisasa?

#13 Mzee wa Nyakato
Marahaba. Wa kienyeji. Wa kisasa wanataka kiwango kipya.

#14 Mtambo Usiku
Mzee heshima yako, lakini BTX haikuuawa na Core 2 Duo peke yake. AMD, washindani wa Intel, tangu prosesa yao ya Athlon 64 ya 2003 walikuwa wameingiza kidhibiti cha ramu ndani ya prosesa, kwa hiyo ramu lazima ikae jirani kabisa na prosesa. Mpangilio wa BTX ulichorwa kwa prosesa za Intel, ambazo kidhibiti kilikuwa kwenye chipu ya pembeni. Kwa nini AMD abomoe nyumba yake kwa sababu jirani ana joto?

Na watengenezaji wa makasha nao hawakutaka kubadili mashine za kukatia bati kwa kitu ambacho hawajui kama kitadumu. Kasha linasubiri madabodi, madabodi inasubiri kasha.

Ila kusema ilikufa bila mtoto si kweli. Dell waliitumia kwenye OptiPlex 745 na 755, na mashine za namna hiyo zimekuja huku kwa mtumba nyingi tu. Wengi wenu mmejifunza kuchapa kwenye BTX bila kuijua. Kumbukeni ile mnayofungua ubavu mmoja kama mlango wa friji, ndani kuna jiplastiki kubwa mbele.

#15 Dada wa Pamba
Ninazo mbili! Kumbe ndiyo maana fundi alishindwa kuniwekea madabodi nyingine ndani, akaniambia "hii imetengenezwa kwa watu wa mkono wa kushoto".

#16 Mzee wa Nyakato
Mtambo, ya AMD sikatai. Ila mteja wa Rwagasore hakujua AMD ni nini. Aliingia, akauliza, "Nina madabodi yangu nyumbani, humu itaingia?" Nikimjibu haiingii, anageuka. Mimi nasema BTX ilifia mlangoni mwa duka langu. Hayo mengine waliyaongea huko Marekani.

#17 Shemeji wa Ukerewe
Mbona ni kama SGR tu. Behewa la reli ya zamani ya milimita 1,067 halipandi reli mpya ya milimita 1,435. Na bado tunaijenga.

#18 Dagaa wa Kirumba
1,067 ni TAZARA, shemeji. Hii inayofika Mwanza ni ya mita moja kamili, 1,000. Babu yangu alikuwa anapiga nyundo kwenye hizo reli, usinichezee.

#19 Shemeji wa Ukerewe
Nimesahihishwa, asante. Hoja yangu iko pale pale.

#20 Mtambo Usiku
Hoja yako inakugeuka. Reli anajenga mmoja, kuanzia Dar mpaka kipande cha Isaka–Mwanza ni upana uleule, kilomita 341 hizo hakuna kontrakta atakayeamua apunguze sentimita mbili. Huku kwenye soketi za mgongoni, ASUS analaza reli yake, MSI yake, halafu mwenye kasha anatoboa bati kama chekecheo ili wote wapite.

#21 Fundi Makoroboi
Niseme kisa mseme sipendi maendeleo. Ijumaa jioni mteja wangu wa Igoma, naye wa harusi kama Sato, umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, mashine kimya. Mashine ya ofisini ya mtumba, nyeusi, nzuri tu. Nikafungua nikajua ni pawa saplai, lile boksi linalogawa umeme ndani. Nikanyoosha mkono kwenye rundo, nikachukua nzima ya pini 24. Nataka kuchomeka, naona kwenye madabodi hakuna pini 24. Kuna plagi ya pini nane, ya kwao wenyewe. Nimepita maduka yote ya Makoroboi, nikapiga simu Mlango Mmoja, hakuna. Jumamosi saa nne asubuhi bibi harusi yuko saluni, mpiga picha hana mashine. Nikakaa na mita, nikapima waya mmoja mmoja, nikatengeneza kiunganishi kwa mkono, nikafunga na tepu. Iliwaka. Lakini sikulala, nilikuwa nawaza ikiwaka moto ukumbini itakuwaje.

Sasa Sato, usiniulize kama soketi mgongoni ni nzuri. Jiulize: ikiungua Ijumaa, Jumamosi unaipata wapi?

#22 Mwana Malimbe
Fundi, kisa kimenigusa, lakini hakihusiani. BTF inatumia pawa saplai ile ile ya ATX, pini 24 zile zile. Kilichohama ni upande wa kuchomekea tu. Pawa saplai ikifa, rundo lako linatosha.

#23 Fundi Makoroboi
Na madabodi ikifa?

#24 Mwana Malimbe
Ikifa unaweka ya kawaida kwenye kasha lile lile. Nimeshasema #4.

#25 Fundi Makoroboi
Basi nyaya zinarudi mbele, na laki tatu na nusu imekwenda kununua matundu.

#26 Mtambo Usiku
Hapo wote mmekwepa jambo lenyewe. Kama mnataka kiwango kipya cha kugombania, gombaneni na ATX12VO. Intel walianza kuipigia debe 2020 hivi. Pawa saplai inatoa volti 12 tu, hizo 5 na 3.3 madabodi inajitengenezea yenyewe, na plagi inashuka kutoka pini 24 hadi pini 10. Mashine ikiwa imekaa bila kazi inapoteza umeme kidogo zaidi. Mashine ya kisa cha Fundi iko kwenye ukoo huo huo, ila waliifanya kimyakimya kwa plagi zao. Ingekuwa kiwango, Fundi angekuwa na nyingine kwenye rundo. Kwa hiyo kilichokutesa Ijumaa ile si upya wake, ni upekee wake.

#27 Fundi Makoroboi
Kila kipya kinaanza kwa upekee, Mtambo. Kinachofuata nani anajua. Uliza kuku wa Mzee.

#28 Mwana Malimbe
Mimi kinachonivuta BTF ni kadi ya picha. Kuanzia 2024 ASUS wameweka mpasuo wa ziada kwenye madabodi, kadi ikikaa inachukua umeme humo humo, mpaka wati 600, hakuna waya unaoning'inia. Mnakumbuka 2022 plagi za kadi za picha za RTX 4090 zilivyokuwa zinayeyuka? Waya umekunjwa, haukuingia vizuri, plastiki inaiva. Huu mpasuo haukunjwi.

#29 Mtambo Usiku
Sawa, na zile kadi za mwanzo hazikuwa na tundu la waya kabisa. Ukiipeleka kwenye madabodi ya kawaida ni tofali la bei ghali. Mwaka 2025 ndipo wakaleta ambazo kile kipande cha mpasuo kinachomoka, unaweza kutumia waya. Kurudi nyuma huko kunasema kitu. Na MSI kwenye Project Zero mpasuo huo hawana. Kwa hiyo hata wanaohamia mgongoni hawakuhamia pamoja.

#30 Shemeji wa Ukerewe
Swali la mgeni. Hivi nyaya zikiwa mbele, mashine inachemka kweli?

#31 Mwana Malimbe
Nilipima yangu. Mchezo uleule, nusu saa, dirisha wazi. Nyaya zimefungwa vizuri, prosesa nyuzi 71. Nimeziachia ovyo kama tambi, 73. Nikafuta vumbi kwenye feni, 66.

#32 Dada wa Pamba
Si ndiyo hapo! Vumbi. Na vumbi linakaa wapi?

#33 Mwana Malimbe
Kwenye feni, dada. Nyaya sikuzigusa siku hiyo.

#34 Dada wa Pamba
Wewe uko Malimbe juu mlimani. Njoo Kirumba ukae mwezi mmoja.

#35 Shemeji wa Ukerewe
Kuna mwalimu wangu alikuwa anasema Mwanza kompyuta zinachemka kwa sababu tuko juu, hewa nyepesi. Ziwa tu liko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari.

#36 Dagaa wa Kirumba
Kwa hiyo tuhamie Tanga kwa ajili ya feni?

#37 Mtambo Usiku
Msimcheke, hewa nyepesi inabeba joto kidogo kwa kweli. Ila mapezi yakiwa yamezibwa na chapati ya Dada, hata ukiwa baharini unachemka.

#38 Fundi Makoroboi
Niongeze la mafundi ambalo hakuna aliyeligusa. Mashine ikigoma kuwaka, kitu cha kwanza nasukuma plagi zote kwa kidole gumba. Nusu ya kazi zangu zinaishia hapo, mteja analipa elfu tano na asante. Soketi zikiwa mgongoni lazima nifungue pande mbili, nilaze mashine kifudifudi, na taa ya madabodi iko upande wa pili siioni. Muuzaji hilo hakuambii kwa sababu yeye haitengenezi.

#39 Mwana Malimbe
Kwa upande mwingine, ukiwa na hitisinki kubwa na kadi nene, plagi za mbele zenyewe huzifikii. Mimi nimeshachubuka vidole kutafuta plagi ya feni iliyo chini ya hitisinki. Mgongoni kuko wazi.

#40 Mzee wa Nyakato
Hapo mwanangu umenena. Hata BTX mgongoni… hapana, BTX ilikuwa mbele. Nimechanganya, usiku umeingia.

#41 Sato Mkavu
Wakuu asanteni, nilikuwa ukumbini tangu mchana. Nimesoma zote mara mbili. Nimempigia yule muuzaji, nimemuuliza swali la Fundi: madabodi hiyo ikiungua Ijumaa, nyingine naipata lini? Akasema "ni ya kuagiza, wiki tatu, ila haiungui". Nikamuuliza kasha peke yake bei gani. Akanyamaza kidogo, akataja bei ambayo kumbe haikuwa mbaya.

Kasha nimelipia, lina matundu ya BTF na Project Zero, linapakiwa basi la kesho. Madabodi bado sijaamua. Moyo unataka ile ya kabati la bibi harusi.

#42 Dagaa wa Kirumba
Choo cha kuvuta kimeshajengwa. Sasa tusubiri maji.

#43 Fundi Makoroboi
Likifika lilete kabla hujafunga kitu, nikuwekee wavu mbele.

#44 Dada wa Pamba
Fundi, wavu wangu wa bure uko wapi? Nimepita leo, kijana wako anasema hana habari.

#45 Fundi Makoroboi
Nisamehe dada, nilisahau kumwambia. Kesho saa tatu.

#46 Mzee wa Nyakato
Sato, siku ukichoka na hilo kasha usitupe. Huyu wangu ameanza kuatamia na jirani yake hana pa kutagia.